Sura ya Saba: Mzigo wa Kwenda Marafa

"Mwaga vyote," alisema Inspekta Stambuli.

Sajini Njoroge alimtazama mkubwa wake kwa jicho la mtu aliyenyimwa chai. Vitu vile vilikuwa vimekwisha kutiwa kwenye magunia na kufungwa kwa lakiri, vikingoja gari la kwenda Mombasa kesho asubuhi pamoja na mshtakiwa. Lakini Njoroge alikuwa amekaa Malindi vya kutosha kujua kwamba Stambuli akisema kwa sauti ile ya chini, kubishana naye ni kujichosha bure. Akakata kamba, akapindua gunia la kwanza.

"Tunatafuta nini, afande?"

"Sijui."

"Basi kazi ni rahisi," Njoroge alinung'unika, na sufuria likabingirika hadi mlangoni.

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi, na wepesi wake ndio uliomkosesha Stambuli usingizi. Vijana watatu wa Malindi, marafiki tangu wakiwa darasa moja, walikwenda kupiga kambi kwenye bonde la Nyari kule Marafa kwa sikukuu ya Kenyatta. Wawili walirudi hai. Wa tatu, Msellem, fundi wa redio na mtoto wa pekee wa Bi Shekha, alikutwa asubuhi amekufa ndani ya hema alimolala peke yake. Hakuwa na jeraha. Alikuwa na afya ya punda. Daktari aliyempasua alikuta damu nyekundu mno, na akaandika kwamba huenda ni sumu kama ile iliyomo kwenye muhogo mchungu.

Nani alipika muhogo jioni ile? Kenga Jefwa, mpishi wa hoteli. Nani aligombana na marehemu kabla ya kulala, kwa sauti iliyosikika hadi kwa wachunga mbuzi? Kenga Jefwa. Nani alikataa katakata kueleza ugomvi ule ulihusu nini? Huyo huyo. Mwendesha mashtaka alisugua mikono kwa furaha. Kesho Kenga angesomewa shtaka la kuua, na kila mtu alijua shtaka hilo mwisho wake ni kitanzi.

Walakini walikula sinia moja wote watatu. Mwendesha mashtaka alilipa jibu jambo hilo: Msellem alichelewa kwa kuswali, akawekewa chakula chake kando. Sawa. Lakini sumu haikuota bondeni. Ilifungwa Malindi kwenye mzigo wa mtu, ikapelekwa Marafa, na chombo kilichoibeba lazima kiwe mojawapo ya vitu vilivyotapakaa sakafuni pale. Ndivyo Stambuli alivyowaza asubuhi ile alipokuwa akinyoa, na nusura ajikate.

Akaamuru mikeka mitatu itandikwe, mmoja kwa kila kijana. Kisha akaagiza Abdalla aletwe.

Abdalla alikuwa yule rafiki wa tatu, dereva wa kampuni ya kutembeza watalii, kijana mrefu ambaye tangu msiba ule mabega yake yalikuwa yameteremka. Aliingia akiwa na kofia mkononi.

"Shikamoo, Inspekta."

"Marahaba. Abdalla, nataka unisaidie jambo dogo. Chukua kitu kimoja kimoja, ukiweke kwenye mkeka wa aliyekuja nacho."

"Vyote?"

"Mpaka kijiko."

Abdalla alipiga magoti akaanza. Kazi ilimliza, lakini hakuacha. Sufuria, pilipili, chumvi kwenye kopo la maziwa, kisu cha jikoni: Kenga. Dumu la maji, tochi, upanga wa kukatia kuni, mablanketi ya kampuni: yake mwenyewe. Hema nalo lilikuwa lake, yaani la kampuni, aliloazima bila kumwambia tajiri. Lilishonwa kwa ajili ya Wazungu wanaopanda Mlima Kenya. Sakafu yake ilishonewa pamoja na kuta, halikuwa na dirisha, na mlango ulifungwa kwa zipu kutoka juu mpaka chini.

"Hema la baridi, mkalipeleka Marafa kwenye joto?" Stambuli aliuliza.

"Ndilo lililokuwapo, Inspekta. Na wala hatukukusudia kulilalia. Tulipatana tulale nje kwenye mchanga, tutazame nyota. Hema tulilipiga kwa ajili ya kuweka vitu, na kwa sifa tu."

"Kisha Msellem akalala ndani."

"Akalala ndani."

"Kwa nini?"

"Mimi nilikuwa nimekwenda kuchota maji. Niliporudi nikakuta wamekwisha kutoleana maneno, huyu amenuna huku, yule kule. Nilimuuliza Kenga, akasema tuyaache. Nikayaacha." Alijifuta uso kwa kofia. "Natamani nisingeyaacha."

Mkeka wa Msellem ndio uliojaa kuliko yote. Mtu angedhani anahama. Kulikuwa na mto wa sufi wenye foronya iliyotarizwa, vikoi vilivyopigwa pasi, chupa ya achari ya maembe, mkate wa kumimina uliokwisha kuota ukungu, mafuta ya nazi, msala, birika la kutawadhia, hata kipande cha sabuni ya kunukia kikiwa bado kwenye karatasi.

"Huyu alifungiwa mzigo na mamake," Njoroge alisema.

"Bi Shekha hakumwachia mtu," alijibu Abdalla, na kwa mara ya kwanza alikaribia kutabasamu. "Tulimcheka njia nzima."

Vitu vikaisha. Stambuli aliipitia mikeka yote, akanusa kila kopo, akalamba chumvi, akatikisa birika. Hakukuwa na chombo cha sumu. Alikuwa karibu kukata tamaa alipoona kwamba Abdalla ameacha kitu kimoja karibu na mguu wa meza. Kilikuwa chetezo cha udongo, kipana, cheusi kwa masizi, chenye majivu ndani.

"Na hicho?"

Abdalla alikitazama, akasita. "Hicho... sijui nikiweke wapi. Hicho ndicho Kenga alichowasha."

"Kenga aliwasha lini?"

"Asubuhi ile. Yeye ndiye aliyefungua hema kumwamsha Msellem anywe chai, akapiga ukelele, akakimbia kwenda kwa chifu. Mimi nilipoingia nilikikuta chetezo kichwani pa maiti. Nikasema moyoni, Kenga si Mwislamu lakini amekulia kwa Bi Shekha, anajua namna ya kumheshimu maiti. Basi nikakaa hapo nikamsomea Yasini mpaka mkaja."

Stambuli alikumbuka vizuri. Aliinama akaingia hemani asubuhi ile, akamwona kijana amefunikwa kikoi, mwenzake akisoma, chetezo kando ya mto. Akasema, "Allah amrehemu," akatoka. Hakuuliza swali lolote kuhusu chombo kile. Kwao Mambrui maiti akilazwa udi huwashwa. Jambo lisilo la kawaida lingekuwa kutokiona.

"Kenga alisema ni wewe uliyewasha," Stambuli alisema taratibu.

"Mimi?"

"Imo kwenye maelezo yake. 'Niliporudi na chifu nikamkuta Abdalla amewasha udi, anasoma.' Kila mmoja wenu alidhani ni mwenzake."

Njoroge, aliyekuwa akikunja hema ili kulirudisha guniani, aliinua kichwa.

"Kumbe ndicho kinachonuka," alisema. "Tangu siku ya kwanza nikiligusa hema hili nasikia niko kanisani, misa ya Pasaka, padri anatembea na ule moshi wake."

"Linanuka?"

"Afande, linanuka sana! Wewe hulisikii?"

Stambuli alilichukua turubai, akalishindilia usoni. Alivuta pumzi. Lilikuwa na harufu ya nyumba ya mamake, ya nguo za mkewe, ya kila ukumbi aliopata kuketi tangu utotoni. Alikuwa ameivuta harufu ile siku zote hizi bila kuijua kuwa ni harufu. Aibu ilimpanda taratibu, ikakaa kifuani.

"Lifungue," alisema. "Pindua ndani nje. Nionyeshe sakafu, pale palipokuwa mto."

Wakalipindua. Sakafuni, kando ya mahali pa kichwa, palikuwa na duara lililoungua, turubai limekauka na kuwa la kahawia. Chombo cha moto kilikaa pale kwa muda mrefu sana, muda usioweza kupatikana kati ya ukelele wa Kenga na kuingia kwa Abdalla.

"Niambie, Abdalla. Wewe ukifunga mzigo wa kwenda kutembea na marafiki, utatia nini? Sufuria, maji, tochi, blanketi. Utatia udi wa kumfukizia maiti?"

"Astaghfirullah! Nani anayetoka kwake kwenda starehe na vitu vya msiba?"

"Hakuna. Basi chetezo hiki hakikuletwa kwa ajili ya maiti. Kililetwa kwa ajili ya mtu aliye hai, na alikiwasha mwenyewe."

Abdalla alikitazama chetezo mkononi mwa Inspekta. Kisha, polepole, akanyoosha kidole kwenye mkeka wa Msellem, kwenye mto uliotarizwa.

Stambuli alimpigia simu Daktari Mumbua. Laini ilikuwa na mikwaruzo, lakini sauti ya daktari ilifika vizuri, tena ikiwa na hasira kidogo.

"Inspekta, mimi niliandika mambo mawili. Sumu kama ya muhogo, au hewa ya makaa yaliyofungiwa chumbani. Zote hutia damu wekundu. Mkaniambia jiko lilikuwa nje ya hema."

"Jiko lilikuwa nje, daktari."

"Basi?"

"Basi sikusoma jambo la pili," Stambuli alisema, akaweka simu chini.

Hakimu hangeridhika na harufu wala duara. Kwa hiyo kabla ya adhuhuri hema lilipigwa nyuma ya kantini, na jogoo wa Njoroge, aliyekuwa ameandaliwa kwa pilau ya Jumapili, akafungwa mguu ndani yake. Stambuli alikijaza chetezo makaa ya vifuu, akatia udi, akakiweka juu ya lile duara. Kilikaa sawasawa. Akavuta zipu mpaka chini. Makonstebo walikusanyika kutazama, wakatoa mizaha: jogoo anafukizwa, jogoo ni bwana harusi, nani ataimba vugo? Njoroge peke yake hakucheka, maana jogoo alikuwa wake.

Waliketi kivulini. Mwanzo jogoo alilalamika. Baadaye akatulia. Ilipoadhiniwa, Stambuli aliinuka akafungua zipu, na harufu nzuri ikawatokea usoni. Jogoo alikuwa amelala ubavu, macho nusu wazi, hana unyoya uliochafuka, kilemba chake kikiwa chekundu kuliko kilivyokuwa asubuhi. Hakuna aliyefanya mzaha tena.

Kenga alikuwa ameketi kwenye sakafu ya seli, mgongo ukutani. Stambuli alimwambia askari afungue, akaingia, akaketi chini pia, jambo lililomfanya Kenga amtazame kwa wasiwasi.

"Kenga, yule mwenzio alitaka kulala hemani, na wewe ukataka alale nje kama mlivyopatana. Akatoa chetezo. Ukamcheka."

"Nani amekwambia, bwana?"

"Hakuna aliyeniambia. Nimechelewa kufahamu, basi. Ulimwambia nini?"

Kenga alitazama vidole vyake. "Alisema mama amemwapisha. Nyari ina mashetani, ina mbu, ina umande, asilale nje. Nikamwambia, wewe mtu mzima, nenda ukanyonye. Nikamwambia mke utaozwa, na mamako ataingia chandaruani kukufukizia." Alivuta magoti kifuani. "Hakunijibu. Aliingia, akafunga. Hayo ndiyo maneno aliyokwenda nayo. Ulitaka niyaseme kortini, mama ayasikie?"

"Ungeyasema usingekuwa humu."

"Ningeyasema ningekuwa mtu gani?"

Stambuli alimweleza basi, kwa maneno machache: hema, zipu, makaa, jogoo. Kenga alisikiliza kinywa wazi. Furaha ilianza kumjia, Stambuli aliiona kabisa ikija, kisha ikasimama njiani, kwa kuwa kijana hakuwa mjinga.

"Makaa aliyatia nani? Kwenye mzigo?"

"Unajua."

Kenga alifunika uso kwa mikono yote miwili. "Usimwambie," alisema. "Bwana, mimi nifungulie, au usinifungulie, lakini yule mama usimwambie."

Stambuli aliinuka. Jambo hilo hilo alikuwa amelifikiria tangu alipomwona jogoo. Angeweza kuandika "ajali" na kufunga jalada. Lakini jalada lilihitaji maelezo ya aliyefunga mzigo. Na hata lisingehitaji, Bi Shekha alikuwa amekuja kituoni kila asubuhi tangu mazishi, akasimama mlangoni mbele ya watu, akamwapiza Kenga kwa jina la babake na la mamake. Mji mzima ulimsadiki. Dada yake Kenga hakuweza tena kuuza nazi sokoni. Kijana akitoka bila sababu ya kutoka, atakuwa muuaji aliyeachiliwa, na siku moja mtu atamvizia na upanga. Huruma moja ilikuwa imeifunga njia ya huruma nyingine, na Stambuli aliona uchungu, maana angaliuliza swali moja dogo kule bondeni, laana zile zisingalitamkwa.

Nyumba ya Bi Shekha ilikuwa nyuma ya msikiti, mlango wazi kwa wafiwa. Alimkuta ukumbini na dada yake, macho makavu, uso umekonda.

"Shikamoo, Bi Shekha."

"Marahaba, mwanangu. Wamempeleka Kenga?"

"Bado. Nimekuja kukuuliza kuhusu mzigo wa Msellem. Ni wewe uliyeufunga?"

"Nani mwingine?" Mara uso wake ukapata uhai kidogo. "Msellem hajui kufunga hata kitambaa. Angekwenda na shati moja mgongoni. Nilimtilia mto wake, maana wa ugenini humtia maumivu ya shingo. Nikamtilia achari, nikamuumulia mkate usiku kucha. Nikamtilia na chetezo changu kikubwa, na udi, na makaa ya vifuu, kwa kuwa ya miti huzima upesi. Nyari si pahala pa kulala mtu hivi hivi. Nikamwambia, baba, washa udi, vitu vile vya huko vikimbie, na mbu wasikusumbue. Na funga zipu vizuri, moshi usipotee."

Dada yake aliitikia kwa kichwa. Maneno yale yalikuwa ya kila mama.

"Hapa nyumbani pia humfukizia?"

"Tangu akiwa mtoto. Kila Alhamisi chumbani mwake."

Stambuli alitazama juu. Dari ilikuwa mbali, na karibu na boriti, ukuta ulikuwa na matundu ya kupitisha upepo. Moshi wa humu ulikuwa na pa kwenda tangu nyumba ilipojengwa.

"Bi Shekha," alisema, "Kenga hakumtilia sumu."

"Usinambie hivyo!"

"Hakumtilia. Hakuna aliyemtilia. Lile hema halikuwa na tundu. Makaa yakiwaka mahali pasipo na tundu hutoa hewa mbaya, haionekani, haina harufu. Mtu aliyelala haamki."

Alisema polepole, na akajilazimisha kumtazama usoni, maana aliona ni heshima ndogo kabisa aliyobaki nayo kumpa. Bi Shekha alitikisa kichwa mara ya kwanza kwa kukataa. Kisha mkono wake ukaenda kwenye goti la dada yake, ukashika, ukabana.

"Ni chetezo," alisema.

"Ni hema, Bi Shekha. Chetezo kingekuwa humu kisingemdhuru mtu."

"Ni chetezo." Nje mtu alipita akiuza maji. "Aliumia?"

"Daktari asema hapana. Alilala tu."

"Msellem hakuwa msikivu," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayesimulia jambo la kawaida. "Nikimwambia vaa viatu, ataenda pekupeku. Nikimwambia rudi mapema, ni alfajiri. Sikupata kumwambia neno akalifanya siku ile ile, tangu nimemzaa. Nilimwambia funga zipu vizuri." Alimgeukia dada yake. "Akanisikiliza."

Dada yake aliangua kilio. Bi Shekha hakulia. Alisimama kwa kujishika ukutani, akavuta buibui lake kwenye kigingi.

"Unakwenda wapi, dada?"

"Nilikwenda kila siku kumlaani. Leo je, nikae?"

Stambuli hakumzuia. Walipofika kituoni Kenga alikuwa ametolewa seli, amesimama mbele ya meza, anakabidhiwa mshipi wake na kamba za viatu. Aligeuka akamwona mama mlangoni, mahali pale pale alipokuwa akisimama kumwapiza. Akamtazama Stambuli haraka, kumuuliza kwa macho, lakini hakungoja jibu. Alipiga magoti pale pale sakafuni.

"Shikamoo, mama. Ni muhogo, mama. Ni mimi niliyepika muhogo mbaya, sikujua. Inspekta amenisamehe, na wewe nisamehe."

Njoroge alifungua kinywa, Stambuli akamshika mkono anyamaze.

Bi Shekha alimtazama yule kijana aliyepiga magoti. Kisha akainama kwa shida, akaichukua mikono yake.

"Muhogo wako nimeula miaka mingi, Kenga," alisema. "Haujapata kumdhuru mtu. Inuka twende nyumbani, mwanangu, nimebaki peke yangu."